Nimenunua baiskeli, usicheke

Shoga yangu,

Mambo? Mama hajambo? Mi nipo ila mapaja yananiuma acha tu. Nimenunua baiskeli! Ya mtumba kutoka Japani, ina kikapu mbele na gia tatu, ila moja imegoma kuingia. Wiki ya tatu sasa naenda nayo kazini, Sinza mpaka Posta, kama kilomita tisa hivi.

Najua we huko Shinyanga utasema hiyo nayo habari? Kwenu baiskeli ndo daladala, mtu anapakiwa na mzigo wake na mtoto hakuna hata anayegeuka. Hapa Dar nikipita wanajua nimefulia. Jirani kaniuliza kwa sauti ya msiba kabisa, "dada, kwani kazini kuna tatizo?" Baiskeli hapa ni ya muuza mkaa na muuza samaki, mtu wa ofisini akipanda lazima ajieleze.

Na usidhani njia ndo hakuna. Morogoro Road tangu waijenge ya mwendokasi, yale mabasi yaliyoanza 2016, pembeni kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, pana, raha yake. Sasa njoo Manzese saa moja asubuhi uone: viatu vya mtumba vimepangwa juu ya turubai, Noah imepaki, bodaboda anakuja usoni kwako kakaza macho utadhani we ndo umeingia njia yake, basi unashuka unaikokota, unapanda mita hamsini, unashuka tena. Hao wa viatu siwalaumu sana, nao watapanga wapi? Ila hizo Noah zingepigwa faini hata wiki moja tu mfululizo ungeona njia inavyofunguka. Jangwani mvua ikinyesha ndo usiniulize, siku hiyo napanda mwendokasi kama wenzangu.

Lakini kilichotaka kunishinda si barabara, ni ofisini. Siku ya kwanza mlinzi kanizuia getini, eti parking ni ya magari. Nikaifunga kwenye nguzo nje, mchana natoka kununua chipsi nakuta kengele haipo. Kengele tu! Mtu kakaa na bisibisi jua kali anafungua kengele. Halafu lile joto la Machi unalijua, nafika mgongo umelowa chapachapa, najipangusa chooni huku watu wanagonga mlango, sketi ipo kwenye mfuko imejikunja kama mkeka.

Wiki ya pili nikamfuata mama wa utawala, nikambembeleza, akanipa ufunguo wa stoo ya nyuma ya jenereta. Ndani kuna bomba. Yaani hiyo tu. Naingiza baiskeli, najimwagia kopo mbili tatu, navaa, saa mbili nipo mezani. Haijapita siku nne mhasibu wetu anayekaa Magomeni kaja na ya kwake, jana mesenja naye, sasa tunagombania ndoo. Wanaohamasisha kwa tisheti na misafara ya Jumapili waje waone stoo yetu, tena inanuka dizeli.

Haya niambie, ile mipira ya kufungia mzigo kwenye karia huko mnanunua shilingi ngapi? Ya hapa inakatika. Ukipata mtu anakuja Dar nitumie miwili, na kengele.

Wako wa siku zote