Donge la katani

Wichita, Kansas

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi zinaendelea. Mdogo wangu akusomee barua hii polepole, maana tangu Jumamosi ninamuwaza Babu.

Siku hiyo tulikodi gari na dada mmoja Mkenya ninayefanya naye kazi, tukaenda kutembea vijijini. Huku njia nzima ni ngano. Tulianzia Lucas, kwa mzee Dinsmoor aliyeanza mwaka 1907 kujijengea nyumba na Bustani ya Edeni ya saruji, Adamu na Hawa wamo. Alikufa 1932, na mpaka leo amelala palepale kwenye jeneza lenye kifuniko cha kioo, watu wanamwangalia. Mimi sikuweza. Marehemu afunikwe.

Cawker City ndiko kulikonishika moyo. Mji wenyewe watu hawafiki 500, na kando ya barabara kuna banda lenye donge la kamba la zaidi ya tani 9. Mkulima mmoja, Frank Stoeber, alianza kulizungusha mwaka 1953 kwa vipande vya kamba vilivyozagaa ghalani kwake, na wapita njia wanaongeza hadi leo. Nikasogeza pua. Bibi, ni katani! Harufu ileile ya kamba ya mbuzi wetu hapo Kasulu, na nyuzi zinachomachoma vidole vilevile.

Miaka hiyohiyo Babu alikuwa manamba Tanga, anakata mkonge. Nilimwona kabisa akituonyesha kovu la mwiba chini ya kidole gumba, akihesabu majani 30, mzigo mmoja. Na mkonge wenyewe ulitoka huku Marekani: Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu. Kutokana na hiyo, Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa katani, kwa mikono ya vijana waliotoka kwetu Kigoma.

Mama mmoja mzee alitukatia kamba. Nilifunga fundo la mzigo alilotufundisha Babu, nikalisokomeza ndani lisifumuke. Machozi yakanitoka. Mwenzangu alinishika bega tu, hakusema neno.

Bibi, kile kipande cha Babu, kadi yake ya kazi ya siku 30, kilichomo kwenye sanduku la bati, naomba kizungushiwe nailoni panya wasikifikie. Nikija Desemba nitakitengenezea fremu.

Mjukuu wako