Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wenzangu wa chama chetu cha wahudumu wa afya ya jamii, habari za majukumu. Nawashukuru mliofika, ambao hamjafika mtaisoma kwenye grupu.

Kazi za kawaida sizirefushi maana mnazijua, kutembelea kaya, chanjo, lishe ya watoto, kuwafuatilia walio kwenye dozi ya TB, zote zimeenda vizuri. Kwa ujumla wagonjwa wetu waliopewa rufaa kwenda hospitali ni 61, mrejesho wa hospitali kwamba walifika umerudi wa 38, wanachama tuko 45, ada ya 2,000 kwa mwezi ilitakiwa ifike 1,080,000, imeingia 412,000.

Sasa nije kwenye ile hela ya sare na sherehe ya mwisho wa mwaka, maana maneno yamekuwa mengi na yanasemwa pembeni badala ya kuletwa kikaoni. Ni kweli kamati iliihamishia kwenye nauli za rufaa, na aliyepeleka hoja ni mimi. Mnasema si kuna m-mama, ile huduma ya usafiri wa dharura, mtu anapiga 115 gari linakuja, ya nini chama kilipe. Ndugu zangu, 115 inambeba mjamzito, mama aliyejifungua ambaye hajamaliza siku 42, na kichanga hajafikisha siku 28. Mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali hayumo, mzee aliyepooza ghafla hayumo, nao fomu ya rufaa wanapewa kama wengine ila gari wajitafutie.

Yule mtoto wa kitongoji cha juu mnamkumbuka. Kaletwa zahanati na degedege, nesi akamuwekea artesunate, dawa ya malaria, ya njia ya haja kubwa akaandika rufaa, baadae mtoto kafumbua macho kaomba uji, baba akasema basi kapona turudi nyumbani. Dawa ile haimalizi malaria, inampa mtoto nafasi tu ya kufika hospitali akachomwe sindano na kumaliza dozi. Na baba hakuwa mkaidi, hela ya kukodi gari la probox hakuwa nayo, fomu kaikunja mara nne kaitia mfuko wa shati. Mwenzetu aliponipigia nikasema dereva alipwe sasa hivi, akalipwa, mtoto akalazwa na yupo mzima. Kwa hilo siombi radhi kwa mtu, hata ningeulizwa usiku wa manane ningejibu vilevile.

Kuhusu kutoshirikishwa, mkutano mkuu uliitishwa mara mbili na akidi haikutimia, ule wa pili tulikaa watu 9 chini ya mwembe mpaka saa kumi jioni. Katiba yetu inasema akidi ikishindikana mara mbili kamati inaamua. Na nikiangalia daftari la mweka hazina, wanaolalamika sana ndo wenye madeni ya ada tangu mwezi wa tatu, inaniuma kusema ila ndo ukweli.

Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwezi wa sita, mgonjwa wa hospitali za Mwanza, Sekou Toure au Bugando, hasubiri tena kivuko, tunashukuru sana, lakini nauli ya kufika huko bado ni yake. Nawaomba pia msisitize fomu ya rufaa kwenye kaya zenu, CHF, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ya 30,000 kwa watu sita mwaka huu wa 2025 inafika mpaka hospitali ya mkoa kwa mwenye rufaa, akienda kienyeji atalipa keshi. Na wale 23 ambao mrejesho haujarudi wananinyima raha, hatujui kama walifika au waliishia njiani, kila mwanachama awafuate wa kwake mlango kwa mlango, simu peke yake haitoshi.

Mwakani Mungu akijalia tunatamani tupate bajaji ya chama, tukipata mfadhili, na sare tutaziangalia hali ikiruhusu. Risiti zote za madereva ziko kwa mweka hazina, anayetaka kukagua aende hata kesho, na aende na ada yake.