Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar: Jua Lianze na Barafu

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum. Mimi ni nahodha wa boti ya mshipi hapa Nungwi. Kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, mwanzo kwa tanga na baadaye kwa mashine. Nakuandikia kwa sababu kila panapozungumzwa nishati mbadala kwa wavuvi, kinachotajwa kwanza ni mashine ya umeme wa jua, na vijana wa dikoni, pale boti zinapoegeshwa na samaki kushushwa, wameanza kuamini kwamba petroli inakaribia kuagwa. Sola ninaiunga mkono. Ninachoomba ni kwamba jua lipelekwe kwenye barafu kabla ya kupelekwa kwenye mashine, na hesabu yangu naiweka hapa wazi ili wataalamu wako waikague.

Boti yangu ni ya faiba, na nafasi ninayoweza kuifunika bila kuwazuia mabaharia kuvuta mishipi yao inatosha paneli mbili za wati 400, kiasi cha mita 4 za mraba juu ya shetri, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Kwa jua letu, baada ya kupungua kidogo kwa joto, chumvi na nyaya, paneli hizo hutoa takriban yuniti 3 za umeme (kilowati-saa 3) kwa siku. Mashine yangu ni ya HP 15, sawa na kilowati 11, kwa hiyo umeme wa siku nzima ungeniendesha kwa nguvu zote kwa muda wa robo saa, na hapo sijafika hata ukingo wa mwamba. Nikitaka kubeba umeme wa kwenda saa mbili na kurudi saa mbili kwa mwendo huo huo, betri za lithiamu zingekuwa na uzito wa kilo 400 na zaidi, yaani watu sita wasiovua.

Yuniti hizo 3 zikiingia kwenye baridi, mambo hubadilika kabisa. Zinatosha kugandisha kilo 20 hadi 30 za maji, au kuendesha kompresa ndogo ya wati 50 usiku na mchana na umeme ukabaki, kwa sababu sanduku likishapoa na kuta zake zikiwa nzito, kazi inayobaki ni kuliondoa lile joto dogo linalopenya. Kusukuma boti ni kazi isiyoisha mpaka ufike.

Naomba uniruhusu nieleze kwa nini jambo hili linaniuma. Januari moja, wakati wa kaskazi, tulilala baharini katika Mkondo wa Pemba tukiwa na magunia mawili ya barafu ndani ya sanduku la mbao lenye povu jembamba. Alfajiri ilipoingia, barafu ilikuwa mabonge ya ukubwa wa ngumi yakielea kwenye maji mekundu, na jodari waliokuwa juu walikuwa wameanza kulainika matumbo. Mnadani dalali alifunua shavu la samaki wa kwanza kwa kidole, akaona limekwisha kugeuka rangi ya udongo, akalirudisha bila kusema neno, kisha akaanza kunadi kwa bei ya samaki wa kukaanga. Petroli tuliyokuwa tumechoma ilikuwa ile ile ambayo ingeleta samaki wazima. Tena si suala la bei peke yake, kwani jodari na vibua wakikaa na joto huzalisha histamini, sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa, hata ukakaanga mpaka samaki akakauka.

Yapo mambo ambayo tumeyajaribu wenyewe. Mwenzangu alinunua friji ya nyumbani pamoja na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, akaifunga nyuma ya boti, na chumvi ikaimaliza katika wiki ya tatu. Mwingine alileta friji ya gesi, ile inayoendeshwa kwa moto na amonia. Hiyo hutaka kusimama wima ili majimaji yake yateremke kwa uzito wake, na mawimbi ya kusi hayana adabu hiyo. Kinachofaa ni kompresa ya volti 12 au 24 inayokula umeme wa betri moja kwa moja bila inveta, kama zilizomo kwenye boti za matanga za wageni.

Hata hivyo, kwa boti ndogo kama zetu naona njia iliyo nyepesi zaidi ni kuacha mtambo nchi kavu. Maji ya chumvi huganda kwenye baridi kali kuliko maji matupu, na kadiri chumvi inavyozidi ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka, hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Bamba lililojazwa maji hayo, likigandishwa mchana dikoni kwa friza ya sola, huingizwa kwenye sanduku jioni boti zinapotoka, na asubuhi hurudishwa likagandishwe tena. Samaki hawalowi, na jua la mchana linakuwa limehifadhiwa ndani ya barafu badala ya betri ambayo baada ya miaka michache ingekuwa taka tusiyojua pa kuitupa.

Ipo sababu nyingine ya kutaka barafu ya dikoni isitegemee waya mmoja. Wakazi wa Unguja hatujasahau kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika kwa miezi mitatu. Waya mpya ulikuja 2013 na hali ikawa afadhali sana, lakini asiyekuwa na jenereta wakati ule hakuwa na barafu, na mwenye jenereta alikuwa akiigeuza dizeli kuwa barafu.

Kuhusu kuisukuma boti, nishati mbadala tunayo tangu enzi za mababu. Kaskazi na kusi bado vinavuma, na ngalawa za Nungwi bado zinatoka kwa tanga. Boti nyingi za faiba, kwa upande wake, hazina mlingoti, na matumbo yake ni bapa mno, hivyo ukiweka tanga husukumwa ubavu. Mkuku wa kina kidogo, yaani ubao wa chini ya boti unaoizuia kwenda ubavu, na mlingoti wa kulaza vingetuwezesha kuzima mashine upepo ukiwa wa ubavuni au wa nyuma, na kuiwasha kwa taratibu wakati wa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, kwani boti inayopasua maji ikipunguza mwendo kwa nusu huhitaji takriban sehemu ya nane tu ya nguvu. Fundi atakayeichora akumbuke kwamba kivuli cha tanga kikiangukia kipande cha paneli hupunguza umeme mwingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, na kwa hiyo foromali, mti unaoshika tanga, na paneli zipangiwe nafasi pamoja tangu mwanzo.

Mashine za umeme nazo zina mahali pake. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hutembea ndani ya mwamba, safari fupi na mwendo wa pole, na mashine ya kilowati 2 ingewatosha. Katika Ziwa Victoria upande wa Kenya mashine za namna hiyo zimeanza kukodishwa kwa wavuvi. Tukianza, tuanze na hao wa mwani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kwamba boti zitakazoagizwa safari ijayo ziwe na sanduku la samaki lenye kuta za povu la sentimita 10 na nafasi ya mabamba, na kwamba madiko mawili, moja Unguja na moja Pemba, yajaribiwe friza za sola kwa mwaka mzima ili kaskazi na kusi zote zionekane. Boti yangu ipo kwa majaribio hayo, na daftari langu la petroli, barafu na bei za mnadani niko tayari kulileta ofisini kwako siku utakayoipanga.

Wabillahi tawfiq,

Nahodha wa boti ya mshipi,
Nungwi, Kaskazini Unguja