Mpox ipimwe, isibahatishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta homa na upele. Bado wengi wanaamini ni ugonjwa wa nyani tu, ilhali binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuwa nao alikuwa mtoto wa miezi 9 huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1970, na sasa unaenea sana kwa watu kugusana: ngozi kwa ngozi, kujamiiana, hata kutumia shuka au taulo la mgonjwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni kubahatisha. Mtu akitokwa na upele huambiwa ni tetekuwanga, hupewa dawa ya kupaka, kisha anarudi kulala na wanawe. Kwa macho tu si rahisi kutofautisha! Sampuli ichukuliwe kwenye malengelenge yenyewe, ipelekwe maabara kwa kipimo cha PCR, kinachotambua vinasaba vya virusi. Homa na mitoki iliyovimba zisipuuzwe, na dalili zaweza kuchelewa hadi siku 21 tangu kuambukizwa.

Chanjo ipo, wahudumu wa afya na waliokaribiana na wagonjwa watangulizwe. Tuache pia kuwaaibisha wagonjwa, kwani wakijificha, waliowagusa hawatapatikana. Mgonjwa asaidiwe mahitaji yake ili aweze kujitenga mpaka magamba yote yadondoke na ngozi mpya iote.

Wenu,
Msomaji