Salamu za Noeli kwa Jumuiya ya Chuo Chetu Kikuu

Wapendwa wanafunzi, wahadhiri wenzangu, wafanyakazi, nanyi majirani zetu wa dini zote,

Tumsifu Yesu Kristo! Kipindi cha Majilio kinaelekea ukingoni, na kabla hatujatawanyika kwenda kuungana na jamaa zetu, naomba niwasalimu kwa niaba ya wote wanaoshughulikia huduma kwa jamii, usomi kwa manufaa ya umma na majadiliano ya kidini chuoni petu.

Kila ninapoisoma sura ya 2 ya Injili ya Mathayo hukwama mahali palepale. Herode anawauliza makuhani wakuu na waandishi Kristo azaliwe wapi, nao wanajibu bila kusita: Bethlehemu ya Uyahudi, tena kwa ushahidi wa nabii. Jibu lilikuwa sahihi, lakini Mathayo hatuambii kwamba hata mmoja wao alifunga safari. Waliokwenda ni Mamajusi, wageni kutoka mashariki, walioiona nyota kisha wakakubali kuuliza njia. Sisi wa chuo kikuu tuna sababu ya kuisoma habari hii kwa hofu.

Mwaka huu ilinigusa kwa namna ya pekee. Tulipokuwa na wanafunzi tukisafisha eneo la kisima, mama mmoja mtu mzima aliitua ndoo yake, akatuuliza kwa upole: "Wanangu, yale maji mliyoyachota kwenye vichupa, mlikuta nini ndani yake?" Sampuli zile zilichukuliwa zaidi ya miaka miwili nyuma. Tasnifu ilikwisha kuandikwa, kutetewa na kujalidiwa, ikapangwa rafuni, na mnywaji wa maji yale hakuwa ameambiwa lolote. Sikuwa na la kumjibu. Tulirudi baada ya wiki mbili tukiwa na ukurasa mmoja wa lugha nyepesi, tukausoma pamoja naye, na ni yeye aliyeliona pengo letu: tulipima maji ya kiangazi peke yake, ilhali shida ya kisima kile huanza mvua zinapokolea.

Katiba ya Kitume Ex corde Ecclesiae, aliyoitoa Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili tarehe 15 Agosti 1990, inavitaka vyuo vikuu vya Kikatoliki vichunguze matatizo mazito ya wakati wao, yakiwemo haki kwa wote, amani na ulinzi wa maumbile. Naamini uchunguzi huo haujakamilika mpaka majibu yamrudie aliyetoa maji yake.

Kuhusu majadiliano, Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya uhusiano wa Kanisa na dini nyingine, linakumbusha kwamba Waislamu nao wanamheshimu Bikira Maria. Katika kikao chetu cha mwisho mwanafunzi Mwislamu alitusomea sura ya 19 ya Kurani, pale Maryamu, akiwa mbali na watu wake, anaposhikwa na uchungu penye shina la mtende, na sauti inamwambia asihuzunike. Kisha mwenzake Mkristo akasoma habari ya hori katika Injili ya Luka. Hatukuzifuta tofauti zetu, wala hatukukusudia: sisi tunakiri kwamba mtoto yule ni Mungu aliyefanyika mtu, wenzetu hawakiri hivyo, na ni heri kuyasema hayo waziwazi, kwa heshima. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kuzungumza, kwa maana sote tulikuwa tukimfikiria mama mmoja, anayejifungua mbali na kwao.

Masomo yatakapoanza tena baada ya Sherehe ya Tokeo la Bwana, namwomba kila mhadhiri achague utafiti mmoja uliokwisha kukamilika, aurudishe kwa watu uliowahusu. Sisi tutarudi kisimani mvua zitakapoanza, na vichupa vyetu.

Nawatakia nyote Noeli yenye amani. Nanyi mtakaobaki mabwenini kwa sababu nyumbani ni mbali, Misa ya Mkesha itaadhimishwa katika kanisa dogo la chuo, na nafasi zenu zipo.