Laini mbili, mtaro mmoja

Bwana Mhariri,

Nina kibanda cha intaneti na fotokopi hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Mwaka jana, nilipochoka kuwarudishia wateja pesa, nilianza kulipia laini mbili za kampuni mbili. Nikajigamba kwa majirani kwamba moja ikilala nyingine itakesha. Haukupita muda, tingatinga la watengeneza barabara likachimba lisipotakiwa, na laini zote mbili zikafa dakika ileile. Kumbe nyaya zao zimelazwa mtaro mmoja kama mapacha.

Hata vigogo yamewapata. Agosti 2023, maporomoko chini ya bahari, kwenye korongo la mto Kongo, yalikata WACS, kebo ya intaneti ya chini ya bahari inayotua Muanda, kwenye pwani ya Kongo, pamoja na nyingine iitwayo SAT-3. Mei 2024 ikawa zamu ya upande wa mashariki: kebo za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, na nchi za Kenya na Tanzania zikayumba. Kuhesabu kebo hakutoshi. Lazima ujue zinapita wapi.

Kuna siku nyingine taa ya modemu iliwaka kijani safi, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Mama mmoja aliyekuja kumwandikisha mwanawe chuo akaniuliza, "Papa, rezo iko wapi?" yaani mtandao. Nikamwonyesha taa. Aibu yangu! Taa ile husema tu kwamba kipande cha waya kinachoingia kibandani ni kizima. Yaliyokatika huko mbele haiyajui. Ruta yangu, kifaa kinachochagua data ipite laini ipi, nayo iliitazama taa kama mimi, ikazidi kumwaga data kwenye bomba lililopasuka huku laini ya pili imekaa bure. Siku hizi nimeipanga ipige pingi, yaani ibishe hodi, kwenye anwani ya mbali kila baada ya sekunde chache, na isipojibiwa ihame. Ilinichukua jioni moja, bila hata faranga.

Kampuni nazo zina usingizi kama huo. Ruta zao hupashana habari za njia kwa lugha yao iitwayo BGP, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kungoja sekunde 90 au 180 za kimya ndipo ziamini kwamba jirani amekufa. Ipo BFD, mbinu ya ruta kuulizana hali kila mara, inayogundua kifo hicho kabla ya sekunde moja kwisha. Ndani ya dakika tatu mteja wangu huwa ameshabonyeza "lipa" mara nne.

Halafu kuna LUBIX, mahali kampuni zinapoweza kubadilishana data bila kutoka mjini. Lakini nikipima njia kutoka laini yangu moja hadi ya pili, zote zikiwa juu ya meza moja, data huvuka mpaka kwanza ndipo irudi. Njia ya nje ikikatika, laini hizo hazionani. Sisemi LUBIX itafufua kila kitu. Picha na video nyingi tunazofungua hukaa kwenye seva za nje, labda nakala zake ziwekwe hapa. Lakini faili ya kutoka komini yetu ya Kenya kwenda komini jirani ya Kampemba inatafuta nini ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia?

Wiki iliyopita niliiendea kampuni ya tatu. Nikamuuliza kijana wa mauzo waya wao unapita barabara gani, na mara ya mwisho walichomoa njia kuu kwa makusudi lini, waone kama ya akiba inashika. Akanipa karatasi ya bei. Nikauliza tena. Amesema atanipigia.

Mwenye kibanda,
Komini ya Kenya, Lubumbashi