Barua kwa mwanangu: sharika nyingi katika mji mmoja

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Dar es Salaam, sote hatujambo. Barua yako nimeisoma, na kazi uliyopewa chuoni, ya kuandika historia ya sharika za Kipresbiteri za mji mdogo huko Uskoti, imenifurahisha sana. Ni kazi nzuri ukiishika vizuri.

Usiyaamini majengo. Mwaka uliochongwa juu ya mlango ni wa jengo, si wa usharika. Mara nyingi watu walisali ghalani au uwanjani muda mrefu kabla ya kupata paa. Kwanza chukua karatasi kubwa uchore matawi yote, jinsi yalivyogawanyika na jinsi yalivyorudiana.

Chanzo cha sehemu kubwa ya migawanyiko hiyo ni swali moja: nani amteue mchungaji? Wapresbiteri hawana askofu. Wazee pamoja na mchungaji wao huunda baraza la usharika, juu yake, nyakati hizo, kulikuwa na presbiteri, yaani baraza la sharika za eneo moja, kisha sinodi ya eneo kubwa zaidi, kisha Mkutano Mkuu wa kanisa zima. Sheria ya Bunge ya mwaka 1712 iliingiza mkono wa bwana mwenye ardhi katika mpangilio huo, ikamrudishia haki ya kumtaja mchungaji wa parokia hata kama washarika hawamtaki. Mwaka 1733 mchungaji Ebenezer Erskine na wenzake watatu wakajitenga na Kanisa la Uskoti, kanisa rasmi la nchi, wakaunda presbiteri yao Gairney Bridge, karibu na Kinross. Mwaka 1747 hao waliojitenga nao wakagawanyika wao kwa wao, safari hii kwa ajili ya kiapo cha raia wa miji, kilichomtaka mtu akiri dini iliyoidhinishwa na sheria: wengine waliona Mkristo anaweza kukila, wengine wakakataa katakata. Mwaka 1761 Thomas Gillespie na wenziwe wakaanzisha tawi jingine, Relief.

Pigo kubwa, kwa ugomvi uleule, lilikuja tarehe 18 Mei 1843. Wachungaji zaidi ya 400 walitoka Kanisa la Uskoti na kuunda Kanisa Huru. Aliyetoka aliacha jengo, nyumba na mshahara, akaondoka na waliokubali kumfuata. Ndiyo maana miji mingi midogo ina kanisa lililojengwa mara tu baada ya mwaka huo, hatua chache kutoka lile la zamani. Haki ya mwenye ardhi ilifutwa mwaka 1874, na kwa kweli ilikuwa imechelewa mno.

Njia ya kurudiana ina vituo vitatu. Mwaka 1847 Relief na wengi wa waliojitenga zamani waliungana. Mwaka 1900 hao wakaungana na Kanisa Huru. Mwaka 1929 wengi wao wakarudi Kanisa la Uskoti. Hapa wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu muungano hubadili majina. Usharika wa Kanisa Huru wa mwaka 1890 unaweza kuitwa "Magharibi" mwaka 1930, nawe ukadhani mmoja umekufa na mwingine umezaliwa. Fuata wachungaji na makarani wa baraza: mikono ileile ikiendelea kutia sahihi, usharika ni uleule.

Madaftari mengi yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Edinburgh. Ya Kanisa la Uskoti yana alama CH2, ya matawi mengine CH3; tafuta pande zote mbili. Mihtasari ya baraza la wazee itakupa kesi za nidhamu na waliopokelewa au kuhama. Fedha ni habari nyingine. Katika Kanisa Huru zilishikwa na baraza la mashemasi, lenye mihtasari yake. Ukisoma ya wazee peke yake utaandika kwamba usharika haukuwa na deni, kumbe jengo zima lilisimama juu ya mkopo.

Kuwa mwangalifu na hesabu. Idadi ya washarika ni ya wanaoshiriki Meza ya Bwana tu. Watoto hawamo, wala wanaokuja kusikiliza neno bila kushiriki, na katika Nyanda za Juu za Uskoti hao walikuwa wengi mno. Hesabu ya ibada ya tarehe 30 Machi 1851 ilihesabu mahudhurio ya asubuhi, mchana na jioni, hivyo aliyekwenda mara mbili amehesabiwa mara mbili. Usiweke namba hizo mbili kwenye jedwali moja.

Usiache daftari la sadaka. Tafuta mistari ya misheni za Livingstonia na Blantyre, kule Malawi. Livingstonia ilianzishwa mwaka 1875 na Kanisa Huru, Blantyre mwaka 1876 na Kanisa la Uskoti, kwa hiyo ugomvi wa mji wako ulisafiri hadi Ziwa Nyasa pamoja na senti zao. Lakini presbiteri hizo mbili za Malawi ziliungana mwaka 1924, miaka mitano kabla ya makanisa mama. Hilo lipe ukurasa wake, na uliandike kama sehemu ya historia ya mji huo, si kama nyongeza.

Baba yako